Kituo cha pamoja cha watoto wenye usonji, Tanzania na Kenya: tuanze na jengo?

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka 7 mwenye usonji, naishi Mwanza. Tuna kundi la WhatsApp la wazazi 23: wengi wetu tuko Mwanza, Magu na Bunda, wengine Tarime na Sirari, na wenzetu 6 wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, Isebania na Migori. Tumechanga mwaka mzima. Mzee mmoja ametupa ekari mbili Rorya, kutoka hapo hadi ziwani ni mwendo wa dakika tano. Tunataka tujenge kituo cha bweni kitakachopokea watoto wa nchi zote mbili, na mfadhili ametuambia tumpelekee ramani ya jengo mwezi ujao. Kwenye kundi wako wanaoamini watoto wakikaa na wataalamu mwaka mmoja au miwili watapona. Mwingine anasema tuwakate udata kwanza, mwingine anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mume wangu hasemi kitu. Je, tuanzie wapi, na sheria inaruhusu? Na kituo kikikamilika, nimpeleke mwanangu akakae huko?"

JIBU: Marahaba, mama. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Moja ni la kikundi: kituo kijengweje na kipokeeje watoto wa nchi mbili. La pili umelificha mwishoni, mstari mmoja tu: umpeleke mwanao akalale huko au usimpeleke. Nitaanza na hilo la mwishoni, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama mnahitaji ramani ya jengo, au mnahitaji kitu kingine kabisa.

Kwanza niwajibu wenzako wa kwenye kundi. Usonji si ugonjwa unaoingia mwilini ukatibiwa ukatoka. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu akiwa tumboni, na sehemu kubwa ya chanzo chake iko kwenye vinasaba. Udata ni kitu kingine. Ni ule uzi ulio chini ya ulimi. Ukiwa mfupi sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumfanyi asiitike akiitwa jina, apange vizibo vya soda mstari mmoja asubuhi nzima, au azibe masikio mashine ya kusaga ikiwaka. Nimeona watoto waliokatwa kwa wembe wakarudi nyumbani na kidonda, na maneno hayakuja. Kuhusu chira, sitawabeza wazee wetu wa Rorya na Migori. Mtu akiona jambo asilolielewa limeingia ndani ya nyumba yake, anatafuta sababu kwenye maisha yake. Ninachowaambia wazazi wa pande zote mbili ni hiki: hakuna mwiko mliouvunja. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa karibu mtoto mmoja kati ya 100 duniani ana usonji, na upo kwa Wajaluo, Wakurya, Wasukuma, Wajapani na Wanorwei. Na mume wako anayenyamaza, pengine analibeba hilo peke yake. Mwambie.

Kwa hiyo lengo la kituo lisiwe kuponya. Lengo ni mtoto ajue kuomba anachotaka, ajihudumie kadiri anavyoweza, ajifunze, na asiishi kwa hofu. Hayo yanawezekana, na mengi yake yanawezekana bila wodi wala bweni.

Sasa nikueleze jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuelezwa, na ndilo linalonifanya niwe mgumu kila ninaposikia neno bweni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 6 kwenye kitengo cha elimu maalumu hapa Mwanza. Alikuwa haongei. Tulimfundisha kuomba maji kwa kadi ya picha: kadi ina kikombe cha bluu, anaichukua, anampa mwalimu, anapewa maji. Ilituchukua karibu miezi mitatu. Siku aliyonipa ile kadi mwenyewe, bila kushikwa mkono, nilitoka nje nikasimama peke yangu kwanza. Nikamtengenezea mama yake kadi ya pili, ileile kabisa, aende nayo nyumbani.

Wiki mbili baadaye mama akaja amekasirika. Akasema mtoto bado anapiga kelele jikoni, anajigonga kichwa ukutani, na kadi ameitupa nyuma ya jiko la mkaa. Aliniuliza kama nilikuwa nimemdanganya. Jumamosi nikapanda hadi nyumbani kwao Mabatini, kule juu kwenye mawe. Nilipoingia jikoni nikaona kosa langu papo hapo. Maji yao yalikuwa kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko mwekundu, na wanakunywa kwa kikombe cha bati. Kikombe cha bluu hakikuwepo mle ndani. Kwa yule mtoto, kadi niliyompa haikuwa na uhusiano wowote na ile ndoo.

Mtoto mwingine angeelewa mwenyewe kwamba "picha ya kikombe ni maji, popote nilipo". Watoto wengi wenye usonji hawafanyi hivyo. Ubongo wao unashika vitu jinsi vilivyo, kwa undani kuliko wetu: meza hii, mwalimu huyu, kikombe hiki, saa hii. Yeye hakujifunza kuomba maji. Alijifunza kwamba kwenye ile meza, ile kadi inaleta kile kikombe. Kubadilisha mahali ni kubadilisha somo zima, na somo jipya linahitaji mtu wa kulifundisha palepale. Tulipiga picha ile ndoo na kile kikombe cha bati kwa simu ya mama, tukaichapisha steshenari ya barabarani, tukaizungushia plastiki na kuifunga kwa uzi kwenye mpini wa ndoo. Siku ya tisa mama akanipigia. Alikuwa analia, na nyuma nikasikia mtoto anacheka.

Ukiwa na picha hiyo kichwani, fikiria bweni la Rorya. Mwanao anatolewa Mwanza, anakaa miaka miwili. Walimu ni wazuri, tuseme ni wazuri sana. Anajifunza kutumia choo cha kituo, kula kwenye sahani ya kituo, kulala kengele ya kituo ikilia. Desemba anarudi nyumbani. Choo ni kingine, sahani ni nyingine, kelele ni nyingine, na wewe mama yake hujui ishara alizofundishwa. Ndani ya wiki moja utasema amerudi sifuri. Hajarudi sifuri. Alifundishwa kuishi kituoni, akaweza. Hakuna aliyemfundisha kuishi kwako, na hakuna aliyekufundisha wewe kuishi naye.

Liko jambo jingine kuhusu bweni, nalo nalisema wazi. Mtoto asiyeweza kueleza nani kamgusa usiku ndiye mtoto aliye hatarini kuliko wote ndani ya jengo. Milango, kamera na walezi wa zamu vinasaidia, ila ulinzi wa kwanza wa mtoto wa namna hiyo ni mtu anayemjua vizuri kiasi cha kuona amebadilika. Huyo kwa kawaida ni mzazi. Hata kisheria msidhani mlango uko wazi: mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mwanao wa miaka 7 anaingia humo.

Sisemi mzazi aliyempeleka mtoto bwenini amekosa. Zipo familia ambazo bibi ndiye mlezi pekee na nguvu zimeisha, au mtoto ni kijana mkubwa anayewaumiza wadogo zake na nyumba ni chumba kimoja. Kwa hao makazi madogo, ya watoto wachache, karibu na kwao, mzazi akiruhusiwa kuingia muda wowote bila taarifa, yanaweza kuwa msaada wa kweli. Lakini hiyo ni huduma ya wachache. Msiifanye kuwa msingi wa kituo.

Basi kituo kifanye nini?

Niwape mfano wa wenzetu waliopita njia hii. Kwenye kisiwa cha Ireland kuna mpaka unaotenganisha Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, ambayo iko chini ya Uingereza. Serikali za pande hizo mbili zilikubaliana kuwa na kituo kimoja cha usonji, na wakakiweka Middletown, kijiji cha wilaya ya Armagh kilicho karibu kabisa na mpaka. Wazo lilitangazwa mwaka 2002, kituo kikaanza kazi 2007. Awali ilipangwa watoto waende pale kwa tathmini na kukaa kwa muda. Fedha zilipobana, upande wa Dublin ukasitisha fedha za sehemu hiyo. Kilichosimama hadi leo, na ndicho walimu wa pande zote mbili wanachokitumia, ni mafunzo kwa walimu na wazazi, ushauri na utafiti. Hao ni watu wenye serikali mbili nyuma yao, na miaka mitano ilipita kabla mlango haujafunguliwa. Ninyi ni wazazi 23.

Mimi nalichukua somo la Middletown hivi: kinachovuka mpaka kwa urahisi ni ujuzi, na kinachovuka kwa shida ni mtoto. Fikiria mwenyewe foleni ya mpakani Sirari. Malori yanaunguruma, watu wa kubadilisha fedha wanakuita, bodaboda wanakuvuta mkono, na ndani unasubiri dirisha moja hadi jingine. Kama mwanao anaziba masikio kwa mashine ya kusaga, pale atafanyaje? Kisha hati ya kusafiria ya mtoto, na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine ikiwa anasafiri na mmoja wenu. Mwalimu akivuka, anavuka na begi lake na hati yake. Anafika Isebania asubuhi, anakaa na walimu kumi siku tatu, na kila mwalimu ana watoto wake darasani. Hesabu hiyo mfadhili ataielewa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: jengeni kituo cha watu wazima, watoto wabaki kwao. Kiwe na vyumba viwili vya kupanga mjini, kimoja Tarime au Sirari, kimoja Isebania au Migori. Kiwe na walimu wawili wa elimu maalumu wanaosafiri, mmoja kila upande, wanaotembelea nyumba na shule kwa ratiba. Kiwe na makabati ya vifaa vya kuazima: kadi za picha, ratiba za picha za siku nzima, vizuia kelele vya masikioni, vitu vya kuchezea ambavyo mzazi hawezi kununua kabla hajajua kama mtoto atavipenda. Na kiwe na madarasa ya wazazi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na matembezi 3 ya nyumbani, na hayaongozwi lazima na daktari. Mtu aliyefundishwa vizuri na anayesimamiwa anaweza kuyaendesha. Katika hayo matembezi ya nyumbani ndipo ile ndoo ya mfuniko mwekundu inapoonekana.

Ushirikiano wa mpaka una faida gani hapo? Kubwa sana, na ndiyo maana sitaki mliache wazo lenu. Kenya wana Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, Nairobi, tangu 1986, na wana vituo vya tathmini vya EARC ambavyo mzazi anaweza kumpeleka mtoto akaangaliwe na kushauriwa kuhusu shule. Mtaala wao mpya una njia ya wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, wanaopanda kwa hatua badala ya kwa darasa. Sisi tuna Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinachotoa walimu wa elimu maalumu, na tuna vitengo ndani ya shule za msingi za kawaida, mtoto analala kwao na anacheza na watoto wa mtaa wake. Walimu wa pande mbili wakikaa meza moja, kila mmoja ana kitu mkononi ambacho mwenzake hana.

Na kuna lugha. Hili msilipite haraka. Mkurya wa Tarime na Mkurya wa Isebania wanaongea lugha moja nyumbani. Mjaluo wa Rorya na wa Migori vilevile. Shuleni wanatengana: Tanzania darasa la msingi ni Kiswahili, Kenya kuanzia darasa la nne somo linakwenda kwa Kiingereza. Mtoto mwenye usonji aliyekuwa anajitahidi na neno "pi" la nyumbani, yaani maji kwa Kijaluo, anakutana na "maji", baadaye na neno la tatu, na kwake hayo ni mambo matatu tofauti. Kikundi chenu kinaweza kutengeneza seti moja ya kadi kwa ukanda wote: picha halisi za vitu vyetu, sufuria ya ugali, dagaa wameanikwa, ndoo, kanga, mtumbwi, choo cha shimo, na chini ya picha panabaki wazi mzazi aandike neno la nyumbani kwake. Kadi nyingi zinazouzwa zina picha ya mkate wa vipande na bafu la marumaru. Watoto wetu wanaoga kwenye beseni.

Sheria. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 2010 na inawapa raia wetu uhuru wa kuvuka, kusoma na kufanya kazi kwa masharti. Haimaanishi taasisi moja inasajiliwa mara moja ikafanya kazi nchi mbili. Njia iliyo salama ni mashirika mawili ndugu. Upande wetu msajiliwe chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, upande wa Kenya wenzenu wajisajili kwa sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma iliyoanza kutumika 2024, kisha mwandikiane hati ya makubaliano: nani anaajiri nani, vifaa ni vya nani, mkigombana mnaamuliwa na nani. Ninyi wa Tanzania msimlipe mwalimu wa Migori, wala wao wasimlipe wa Tarime. Kila upande uajiri watu wake, na wakivuka iwe kwa mafunzo mafupi, si kuja kushika darasa. Mtaepuka masuala ya vibali vya kazi na usajili wa TSC, tume ya utumishi wa walimu. Kituo kisipokuwa shule hakihitaji usajili wa shule, na hilo peke yake linawaondolea mwaka mzima wa kuzunguka ofisini. Siku mkitaka kufundisha watoto kila siku, hapo ni lango jingine, na mzungumze na Afisa Elimu Maalumu wa wilaya kabla hamjafyatua tofali.

Taarifa za watoto nazo zina sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya 2019. Video ya mtoto wa Sirari akiwa amechachamaa isitumwe kwenye kundi lenye watu wa nchi mbili ili "wataalamu waone". Pateni ridhaa ya maandishi, na mtu mmoja tu kila upande ashike mafaili. Nimewahi kuona video kama hiyo ikimrudia mama kwenye simu ya jirani yake.

Jambo dogo la kalenda ambalo litawakwaza msipolijua: sisi tuna mihula miwili, Kenya wana mitatu. Likizo yetu ndefu ya Juni haikutani na yao ya Agosti. Desemba ndipo mnapokutana bila shaka. Mafunzo makubwa ya pamoja yapangeni hapo.

Sasa kiwanja. Mama, mshukuruni yule mzee kwa moyo wote, ila watoto wasiwekwe pale. Watoto wenye usonji wengi wana tabia ya kuchomoka na kwenda bila kuaga, na wengi wao wanavutwa na maji: yanang'aa, yanarudia mwendo uleule, yanatuliza mwili. Tafiti za Marekani zimeonesha kuzama majini ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto hawa. Dakika tano za mtu mzima hadi ziwani ni dakika tatu za mtoto anayekimbia, na mtoto huyo hatasikia ukiita jina lake. Uzio utasema utajengwa. Geti litaachwa wazi siku ya gari la mahindi. Ongeza kichocho cha ufukweni. Muulizeni mzee kama ardhi inaweza kulimwa au kukodishwa ikaingizia kituo kipato. Hilo litampa heshima yake na kituo kitapata mafuta ya pikipiki.

Na kwa kuwa sote tunaishi kandokando ya ziwa hili, hata bila kituo, kila mzazi kwenye kundi lako afanye mambo mawili. Amtambulishe mtoto wake kwa wavuvi na mama wa dagaa wa mwalo ulio karibu, wamjue kwa sura, wajue haongei, wawe na namba ya simu ya nyumbani. Na mtoto akichomoka, mtafuteni majini kwanza kabla ya mahali pengine popote.

Fedha. Mfadhili anataka ramani kwa sababu jengo linapigwa picha. Mimi nimeona majengo. Nimeona moja lenye vyumba sita, marumaru chini, na chumba cha mazoezi chenye mabembea ya ndani. Mwaka wa pili walimu walikuwa hawajalipwa miezi minne wakaondoka, na funguo zikabaki kwa mlinzi. Jengo unalilipia mara moja, mwalimu unamlipia kila mwezi, na mtoto mwenye usonji anahitaji mwalimu yuleyule kwa miaka. Mwandikieni mfadhili kwamba ramani hamjaleta kwa makusudi. Muombeni agharamie mishahara miwili kwa miaka mitatu, pikipiki mbili, kodi ya vyumba na mafunzo ya Desemba. Muonesheni kila shilingi inamfikia mtoto yupi. Akikataa kwa sababu anataka jengo tu, afadhali mkubali kuanza kidogo kwa michango yenu kuliko kuanza na deni la uendeshaji ambalo hakuna aliyelipanga. Nafahamu ni maneno magumu kwa watu waliochanga mwaka mzima. Fedha zenu zinatosha kuanza: chumba kimoja, kabati moja, na mzazi mmoja kila upande anayepelekwa kusoma. Mwaka wa kwanza msizidi hapo.

Nirudi kwa mwanao. Hujaniambia kama anaongea, wala kama yuko shuleni. Kama hayuko, anzia na shule ya msingi iliyo karibu yenye kitengo. Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako anazijua, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mwanao haki ya elimu kama watoto wengine. Mwalimu akikwambia "huyu hawezi", muombe akuandikie kwenye karatasi. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza upya.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kituo wala jibu langu. Kama hajawahi kupimwa masikio, apimwe, maana mtoto asiyesikia vizuri anaweza kufanana na mwenye usonji, na anaweza kuwa na vyote viwili. Kama anakodoa macho akapotea kwa sekunde kadhaa, anakakamaa au anaanguka, mpeleke hospitali: kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine, na kina dawa. Kama alikuwa na maneno au ujuzi kisha vikapotea, anajiumiza hadi damu, anakula chakula cha aina mbili tatu tu na anapungua uzito, au kelele zimeanza ghafla wakati hazikuwepo, usiseme ni usonji tu. Inaweza kuwa jino, sikio, au tumbo, na yeye hana njia nyingine ya kukwambia. Bugando na Sekou-Toure ziko hapo mjini. Uliza kliniki ya watoto, nenda na daftari ulilorekodi siku saba: alikula nini, alilala saa ngapi, alichachamaa wakati gani na kilichotangulia ni nini. Daktari mwenye dakika kumi atafanya mengi kwa daftari hilo. Usonji hauna kipimo cha damu. Unabainishwa kwa kumtazama mtoto na kukusikiliza wewe.

Na kama ni wewe usiyelala, unayefikiri mambo mabaya juu yako au juu ya mtoto, hilo nalo ni la kwenda hospitali, wiki hii, na si la kusubiri.

Bweni, basi: kwa sasa hapana. Mweke nyumbani, mtafutie kitengo, nawe uwe wa kwanza kwenye kundi kusoma mafunzo ya walezi. Wakati mnasubiri majibu ya mfadhili, chukua simu yako leo jioni upige picha vitu sita vya nyumbani kwako ambavyo mwanao anavipigia kelele akivitaka. Kimoja tu kwanza, anachokipenda kuliko vyote. Kichapishe, kifunge pale kinapokaa. Mume wako aliyenyamaza, mpe kazi ya kutoboa tundu na kufunga uzi.